Herufi Nne Zinazotutoa Jasho

Jamani, leo tuseme. Sisi ni wale tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili mwanzo mwisho, tukafaulu, tukaenda sekondari, na kuanzia hapo Baiolojia, Jiografia na Historia zote zikageuka kimombo, kana kwamba tulilala Waswahili tukaamka Waingereza. Wengine tuliishia kidato cha nne, wengine tukasukumana mpaka vyuoni. Leo tunaendesha malori, tunauza dawa, tunashona, tunafundisha, tunazungusha bahasha za kuomba kazi. Tunabishana juu ya Simba na Yanga, juu ya bei ya sukari, juu ya nani alianza kumkosea nani. Ila mazungumzo ya kijiweni yakigusa ung'eng'e, ubishi unakwisha, maana wote tuna kesi na herufi o, u, g na h zikikaa pamoja kwa mpangilio huo.

Herufi hizi hazina msimamo. Mwalimu alituandikia ubaoni "though", akasema tamkeni "dhou", maana yake ingawa. Tukashika. Baadaye akachomeka r katikati, likawa "through", kupitia. Sisi kwa akili zetu timamu tukasoma "throu". Kumbe ni "thruu". Tukarudi kwenye "though", tukaondoa h ya mwanzo, ikabaki "tough", yaani kitu kigumu, au mtu sugu. Tukasema "tou". Hapana, hiyo ni "taf". F imetoka wapi, na neno zima halina f hata ya dawa? Hatukujibiwa. Tukajifunza basi kwamba mwishoni ni f: "rough" ikawa "raf", "enough" ikawa "inaf", yaani inatosha. Tukadhani tumepata kanuni. Ikaja "cough", kikohozi, nasi kwa kujiamini tukasema "kaf". Ni "kof". Yaani kofi bila i, na baadhi yetu hilo kofi tulilipata kwelikweli, na i yake.

Endelea kuhesabu nasi. "Plough", jembe la kukokotwa na ng'ombe, ni "plau". "Bough", tawi nene la mti, ni "bau". "Thought", wazo, ni "thoot", hapo g na h zimekufa kabisa hazina hata matanga. "Thorough", kazi iliyofanywa bila kuacha pembe, Mwingereza atakwambia "thara" na Mmarekani "thero". "Hiccough", kwikwi, husomwa "hikap", na hiyo p ameileta nani Mungu ndiye ajuaye. Siku hizi wengi wao wenyewe wameona aibu wanaandika "hiccup". Ukifika Ireland "lough" ni ziwa, na sauti yake ya mwisho inatoka kooni, "lokh". Hapo tumeshafika sauti tisa kwa herufi nne zile zile. Halafu kuna mji kule Uingereza unaitwa Loughborough, una hizo herufi mara mbili kwenye jina moja, na kila mara zinasomwa vingine: mwanzo ni "laf", mwisho ni "bara". Mji mwingine, si mbali na London, unaitwa Slough na husomwa "slau". Neno lile lile, herufi zile zile, likiwa na maana ya gamba ambalo nyoka amelivua, linakuwa "slaf".

Huku kwetu mtoto wa darasa la kwanza akishamaliza ba be bi bo bu anamsomea bibi yake gazeti. Haelewi siasa iliyomo, lakini analisoma, na bibi anaelewa.

Wapo watakaosema hayo ni matamshi tu, kwani pana ubaya gani? Ubaya upo, kwa sababu maneno haya yanafanana sura huku maana zake hazijuani. "Bought" ni alinunua, "brought" ni alileta, tofauti ni r moja tu katikati. Mwenzetu mmoja aliandika barua kueleza kwa nini hakufika kazini, kwamba alimpeleka mama mkwe hospitali, na ile r ikamponyoka. Mkubwa wake akasoma kwamba kijana amemnunua mama mkwe. Barua ilizungushwa ofisi nzima, watu wakashika mbavu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa anaendeleaje.

Wakulima nao wana lao, na hili linatuuma zaidi. "Drought" ni ukame, husomwa "draut". Badili o uweke a, unapata "draught", nayo husomwa "draft", na imebeba maana lukuki: upepo unaopenya kwenye upenyo wa mlango, bia inayotolewa kwenye pipa, na ile nguvu ya kukokota mzigo. Vitabu vya Kilimo humwita ng'ombe wa plau "draught animal", mnyamakazi. Sasa mfikirie kijana wa Shinyanga ambaye ameshika mikia ya maksai tangu utotoni, anajua kufunga nira, anajua ng'ombe yupi awekwe kushoto na yupi kulia, anajua udongo ukiwa mbichi kiasi gani plau haliingii. Anakutana na neno hilo kwenye mtihani. Analisoma "drought", anaandika nusu ukurasa juu ya ng'ombe waliokufa kwa kukosa maji na malisho. Anapigwa sifuri kwenye swali ambalo, kwa lugha ya nyumbani, angemfundisha aliyelitunga. Ukitaka kujua herufi moja inaweza kumla mtu maksi ngapi, muulize huyo.

Kuna na hii ya "laughter", kicheko, ambayo ni "lafta". Weka s mbele yake, uone: "slaughter", uchinjaji, na ghafla f imetoweka, ni "sloota". "Daughter", binti, ni "doota". Kwa hiyo mgeni akiona machinjio yameandikwa "slaughterhouse" akadhani ni nyumba ya kuchekea, sisi hatumcheki. Tunamvuta pembeni tunamwambia.

Wazee wetu, tuwape sifa yao, hawakuwa na muda wa kupoteza na mambo haya. Nenda kijiwe chochote cha Dar es Salaam au Tanga jua likianza kupoa, utakuta ubao umepakwa rangi miraba miraba, kete ni vizibo vya soda, za huyu zimelala chali na za yule kifudifudi, na watazamaji wana makelele kuliko wachezaji. Waingereza huuita mchezo huo "draughts". Sisi ni drafti. Mtu fulani, hatujui nani, alisikia neno likitamkwa, akaandika alichosikia, akafungia i mwishoni, mchezo ukaendelea. Mchezaji akimkata mwenzake buti uwanjani tunasema amecheza rafu. Ile "rough" iliyotusumbua darasani imenyooka, kila herufi inafanya kazi. Plau la ng'ombe ni plau. Na lile andazi la mviringo lenye tundu katikati, ambalo kwa Kiingereza linaanza na "dough", unga uliokandwa, sisi tunanunua donati na hatuulizani.

Hata nje ya hizo herufi nne tumesafisha vingi. "Receipt" ina p isiyosikika. Risiti tunayohimizwa kila siku tuidai dukani haina p, na mashine inaitoa vilevile. "Cupboard" nayo ina p bubu. Kabati halina, na nguo zinakaa. "Sign" ina g bubu. Sisi tunatia saini. "Campaign" ina g bubu. Kampeni zinapigwa na watu wanachaguliwa. Kwenye jeshi Mwingereza anaandika "colonel" akasoma "kenel", hiyo l ya kwanza anaimeza mzimamzima. Sisi tuna kanali, ukimwandika ndivyo unavyomsalimu.

Katikati yetu yumo mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu wa watu, na tulimbana atueleze hii gh imeletwa na nani. Akasema zamani ilikuwa sauti halali kabisa. Waingereza wa kale waliitoa kooni, jirani sana na kh unayoisikia kwa wazee wa mwambao wakisema kheri. Neno la usiku, "night", awali liliandikwa kwa h pekee, na hiyo h ilikwaruza koo kwelikweli. Wanormani walipotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza mwaka 1066, makarani waliofunzwa uandishi wa Kifaransa wakaja kuizoea gh mahali pa ile h. Mpaka hapo hatuna ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza pale Waingereza wenyewe walipoichoka sauti hiyo. Kwenye maneno mengine wakaitupa, kama "night" na "though". Kwenye mengine wakaigeuza f, kama "laugh" na "cough". Na irabu zilizoitangulia nazo zikahama, kila moja na njia yake. Kilichobaki kwenye karatasi ni kaburi la sauti.

Lau wangeibakiza, tungewashinda. Mtu wa Pemba au Lamu anasema ghali, ghala, ghafla na ghorofa bila kumeza mate. Kweli, wengi wetu wa bara tunaiteleza ikawa g ya kawaida, lakini hatujawahi kuipeleka kwenye f. Hata neno lugha lina gh ndani yake, na tangu liandikwe hajatokea wa kulisoma "lufa".

Mwalimu akaendelea kutuonyesha. William Caxton alifungua mtambo wa kupiga chapa Westminster mwaka 1476, wakati matamshi ya Kiingereza yalikuwa bado safarini. Vitabu vikaanza kuyagandisha maneno kama yalivyokuwa yakiandikwa. Vinywa vikaenda zake. Caxton alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, nchi ya Waflandria, na ndiyo maana wachunguzi huielekezea huko ile h ya "ghost", mzuka. Neno hilo hapo kale liliandikwa kwa g tupu, h ikapachikwa kwa mazoea ya wachapaji waliozoea kuandika Kiflandria. Yaani h ya mzuka nayo ni mzuka.

Halafu wakaja wasomi, hao ndio waliotumaliza. Neno la deni lilitoka Ufaransa likiwa safi, likiandikwa "dette". Wasomi wakakumbuka kwamba kwa Kilatini ni "debitum", wakaona aibu b imepotea njiani, wakairudisha: "debt". Hakuna aliyewahi kuitamka. Deni lenyewe limetiwa riba. "Doubt", shaka, likafanywa hivyo hivyo. "Island", kisiwa, likapewa s kwa kudhaniwa ni mtoto wa neno la Kilatini "insula", na kumbe halina undugu nalo hata kidogo, ni neno la Kiingereza cha kale halina s tangu asili. "Delight", furaha, lilitoka Kifaransa bila gh yoyote, likavishwa gh kwa sababu tu linafanana sauti na "light", mwanga. Hayo ni makosa ya tahajia yaliyofanywa na watu wazima wenye elimu, yakaachwa. Sisi tukikosea herufi moja kwenye imla, kalamu nyekundu.

Sasa sikilizeni linalotukera kuliko yote. Hao hao waliotuandikia Kiswahili kwa herufi za Kirumi walikuwa Wazungu, na Waingereza walikuwa mstari wa mbele. Kabla yao Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 na misheni ya Kianglikana, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Alipotafuta namna ya kukiandika akachukua konsonanti kwa mtindo wa Kiingereza, lakini irabu akazichukua kwa mtindo wa Kiitaliano. Tafakari. Mwingereza, askofu mtarajiwa, amekaa Unguja, ana lugha ya watu mkononi, na akifikia irabu anaziweka za kwao kando, anakwenda kuazima Italia. Alijua. Kisha mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chini ya serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ikasimamia Kiswahili sanifu kwa msingi wa Kiunguja, na tahajia moja kwa wote. Maofisa na wamisionari walikaa vikao kuhakikisha Kiswahili kinasomeka kama kinavyosemwa. Hawakushindwa. Basi kikao kimoja tu cha nyumbani kwao kingewagharimu nini?

Tuwatendee haki, vikao walivikaa, ila viliwashinda. Mwaka 1906 Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliagiza mpiga chapa wa serikali atumie orodha ya maneno 300 yaliyorahisishwa, humo "though" ikiwa "tho", "through" ikiwa "thru" na "thorough" ikiwa "thoro". Magazeti yakamcheka, wabunge wakagoma, mwaka haukwisha akawa ameiondoa amri yake. Gazeti la Chicago Tribune lilijaribu kwa ubishi wake lenyewe tangu 1934, likaandika "tho" na "thru" kwa miongo, mwaka 1975 likasalimu amri likarudi kwenye herufi zote. Uingereza mwaka 1949 mbunge mmoja, Mont Follick, alipeleka muswada wa kurekebisha tahajia, ukaanguka kwa kura 87 dhidi ya 84. Kura tatu! Tungekuwa na wajomba wanne mle ndani, leo tungekuwa tumepumzika. Walichofanikiwa Wamarekani ni vitu vya hapa na pale: wanaandika "plow" badala ya "plough" na "draft" badala ya "draught". Hapo nasi tunawaunga mkono, ingawa mtihani wetu unafuata Uingereza, na ukiandika "plow" kuna msahihishaji atakayekuzungushia duara.

Kwa vile imewashinda kuitengeneza, wameigeuza mchezo. Marekani kuna mashindano ya kitaifa ya kutaja tahajia, yalianza mwaka 1925, watoto wanasimama jukwaani kutaja herufi za neno moja moja na televisheni inaonyesha. Mwaka 2019 waandaaji walipungukiwa na maneno magumu, wakatangaza washindi wanane kwa pamoja. Shindano kama hilo kwa Kiswahili lingekwisha kabla ya chai ya saa nne, na washindi wangekuwa darasa zima. Wana na kichekesho chao cha samaki: chukua gh ya "enough", o ya "women", ti ya "nation", unapata "ghoti", na kwa hesabu hiyo inasomeka "fish". Wengi humpa sifa ya kichekesho hicho mwandishi George Bernard Shaw, lakini kimekutwa kwenye barua ya mwaka 1855, na Shaw alizaliwa 1856. Kwa hiyo hata watu wazima wa enzi hizo walikuwa wakilalamika. Tunafarijika kidogo.

Yule mwalimu wetu hutetea, na tumsikilize. Anasema baadhi ya herufi bubu zina kazi, zinaonyesha undugu wa maneno. G ya "sign" imelala, lakini inaamka kwenye "signature". B ya "bomb" imelala, inaamka kwenye "bombard". Haya, hilo tumelipokea. Sasa gh ya "though" itaamka lini? Alinywa kahawa yake.

Wala hatusemi kwetu ni peponi. Kuna watu wazima wanaandika "ngombe" bila ritifaa, wanaandika "hasante" na "apa", wanaandika "xaxa" kwenye simu kana kwamba s inatozwa ada. R na l zinatupa taabu, mtu anaomba kalamu unasikia karamu, unakwenda umevaa vizuri. Lakini hayo ni makosa ya watu, dawa yake ni kusahihishwa mara moja. Kwenye "ough" hata usahihishwe leo, kesho neno jipya linakuja na sauti yake mpya, na ulichojifunza jana hakikusaidii.

Tungevumilia kama yangeishia darasani. Mwenzetu ana leseni ya magari makubwa, amepeleka shehena Lubumbashi na Kigali miaka na miaka, anajua mizani zote njiani na mlima upi ushukwe kwa gia ipi. Aliitwa kwenye usaili wa udereva. Wakampa karatasi asome kwa sauti, na humo kulikuwa na sentensi ya kufanya ukaguzi kamili wa gari kabla ya safari. Ule ukamilifu uliandikwa "thorough". Akasoma "thruu". Mmoja wa waliokaa mezani akamtazama jirani yake, jirani akainamisha uso kuficha kicheko, na mwenzetu akaambiwa tutakupigia simu. Hawakupiga. Ukaguzi wenyewe wa gari, mtu huyo anaufanya gizani kwa kupapasa.

Hapa kwetu tunasema mtu amechapia, na Wakenya wanasema ameshrub, na pande zote mbili za mpaka watu wanarekodi, wanarusha mitandaoni, taifa zima linacheka kiongozi au mwanafunzi aliyetegwa na neno ambalo Waingereza wenyewe hawawezi kueleza kwa nini liko vile. Siku hiyo hiyo akipita mgeni mtaani akasema "mimi nataka kununua wewe ndizi", tunampigia makofi: jamani, anajua Kiswahili! Mgeni amebomoa sarufi yote, tunamwongezea na ndizi moja ya bure. Huruma hiyo kwa nini hatupeani wenyewe kwa wenyewe?

Tunaomba mambo machache, wala hayahitaji bajeti. Walimu wa kidato cha kwanza, msiwaambie watoto kuna kanuni ya "ough", hakuna. Wapeni maneno hayo kwa mafungu, yanayosomwa "af" pamoja, yanayosomwa "oot" pamoja, maana yake kwa Kiswahili kando ya kila moja, na matamshi kwa tahajia yetu: "thruu", "dhou", "kof". Mtoto akiandika "draut" pembeni ya "drought" kwenye daftari lake msimchape, anajisaidia kukumbuka. Watunga mitihani ya Kilimo, andikeni neno la Kiswahili kwenye mabano pale swali linapomhusu ng'ombe. Mnapima kilimo, hampimi makarani wa zamani wa Uingereza. Na ninyi mnaokaa kwenye meza za usaili, anayeomba kazi ya kuendesha lori, mpeni lori aliendeshe.